Kabla Hujaongeza Chokaa: Dhana Potofu Kuhusu Slagi Nzito

Simu huanza vilevile, iwe inatoka Unga Limited au Njiro, Arusha, au karakana ya kusubu kule Moshi: “Mtaalamu, slagi imegoma kutoka. Tumeongeza chokaa, bado. Tuongeze tena?” Hapana, msiongeze tena. Nimelisema hili kwenye simu mpaka nimechoka, basi leo naliandika. Slagi ni yale mavi ya chuma, uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma tanurini, na slagi “nzito” ni ile isiyotaka kutiririka. Nazungumzia zaidi kupola, tanuri la wima linalochoma koki (makaa ya mawe yaliyookwa).

Dhana: Chokaa ikizidi, slagi nayo inazidi kuwa nyepesi

Nusu ya imani hii ni kweli, ndiyo maana haifi. Katika silika (kiini cha mchanga) iliyoyeyuka, kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na kila oksijeni inaiunganisha na silikoni ya jirani. Mtandao wote umefungamana. Kwa hiyo silika tupu, hata ikishayeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 na ushei, haitiririki. Mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, unazidi ule wa slagi nzuri zaidi ya mara laki moja. Sasa tia chokaa. Kila chembe ya chokaa (CaO) inaleta oksijeni yake, inavunja kiungo kimoja, na kuacha ncha mbili zilizo huru. Mtandao unakatika kuwa minyororo, minyororo inakuwa vipande vifupi, mnato unaporomoka. Chokaa ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote inayofuata.

Mafundi wengi wanaliona hilo kwa macho yao, kisha wanadhani mteremko hauna mwisho. Uwiano wa chokaa (CaO) kwa silika (SiO2), kwa uzito, ukishapita 1.2 au 1.3 hivi, mambo yanageuka. Ndani ya slagi yako ya nyuzijoto 1,450 zinaanza kujitenga fuwele za dikalsiamu silikati, muungano wa chokaa na silika, ambayo yenyewe huyeyuka kwenye 2,130. Kimiminika kilichobaki bado ni chepesi, ila kimejaa chembe ngumu, sawa na uji unaoendelea kutiwa unga: mwisho wake unasonga ugali. Na fundi akiona ugali, anaongeza mfuko mwingine! Chokaa tupu haiyeyuki mpaka nyuzijoto 2,600 hivi, kwa hiyo bonge ambalo slagi haijaliyeyusha litabaki bonge. Isitoshe, mawe ya chokaa hunywa joto yanapoungua: kilo 100 za mawe safi hukuachia kilo 56 tu za CaO, nyingine 44 zinaondoka kama gesi. Umeongeza mzigo, umepoza tanuri, umefanya slagi kuwa nzito zaidi.

Kabla ya kugusa mfuko, chovya nondo kavu iliyopashwa moto, uitoe. Slagi yenye silika nyingi huvuta uzi mrefu na ikipoa inang'aa kama chupa. Hapo chokaa kidogo itasaidia. Slagi iliyozidiwa chokaa hudondoka kwa matone mafupi bila uzi, na kipande chake haking'ai, ni kama jiwe. Kama bado una shaka, acha bonge lipoe hadi kesho. Likiwa limesambaratika lenyewe kuwa unga, jibu umelipata: dikalsiamu silikati hubadili umbo la fuwele inapopoa, ikatanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kujivunja. Mteja mmoja wa Moshi aliniita kuuliza nani kamwaga saruji sakafuni kwake.

Kwa kupola inayotumia koki, mawe ya chokaa karibu robo ya uzito wa koki ni pa kuanzia. Kuanzia, nimesema.

Na yote haya ni ya kupola. Kwenye tanuri la umeme la induksheni, linalopasha chuma kwa koili ya umeme, lenye ukuta wa ndani wa silika, chokaa usiweke kabisa! Ukuta huo ndio silika yenyewe. Mchanganyiko wa CaO na SiO2 unaweza kuyeyuka kuanzia nyuzijoto 1,436, na ikiwepo oksaidi ya chuma (kutu) hushuka zaidi, kwa hiyo chokaa haichagui kati ya mavi ya chuma na tanuri lako. Ukuta ukiliwa mpaka chuma kikafika kwenye koili zenye maji, hapo hatuzungumzii tena gharama, tunazungumzia mlipuko. Halafu kwenye tanuri hilo huhitaji slagi nyepesi hata kidogo. Unaitaka nzito, ishikane, uiondoe juu kwa koleo. Nyunyiza perlaiti (chembe za kioo cha volkano), au mchanga safi wa silika uliokauka kabisa, ukwangue.

Dhana: Dawa ya slagi nzito ni moto tu

Moto husaidia, lakini muundo ndio unaotawala. Mlima wetu, Ol Doinyo Lengai, umetoa lava isiyofika hata nyuzijoto 600, na bado inatiririka kirahisi kuliko lava za kawaida zenye moto karibu mara mbili yake. Sababu ni kwamba imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, na silika karibu haimo. Hakuna mtandao wa kukata.

Dhana: Vyuma vyenye kutu ni vizuri, vinalainisha slagi

Vinalainisha, kwa gharama ya chuma chako mwenyewe. Wahunzi wa zamani wa Ugweno, kule Upare, walikuwa na sababu: kwenye matanuri ya aina yao, oksaidi ya chuma ndiyo iliyokata silika, ikatoa fayalaiti, muungano wa oksaidi ya chuma na silika, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 1,205 hivi. Sehemu ya chuma ilipotelea humo. Wewe skrepa unainunua kwa kilo.

Dhana: Magadi ni bora kuliko chokaa

Sodiamu hukata mtandao kwa nguvu zaidi, kweli. Pia hula ukuta wa tanuri na kutoa moshi unaochoma koo. Sipendekezi.

Dhana: Slagi huwa nzito kwa sababu mawe ya chokaa ni mabaya

Mara nyingi kosa ni mchanga. Milango ya kumiminia (chuma kilichoganda kwenye njia za kumiminia) na mabaki ya kusubu yanarudishwa tanurini yakiwa yamegandiwa na mchanga na udongo, na alumina (oksaidi ya alumini) ya udongo huo nayo hujipachika kwenye mtandao penye nafasi ya silikoni. Yagongeni kwanza. Ukiendesha slagi ya uwiano wa chokaa kwa silika wa 0.7, kila kilo ya mchanga iliyobaki nje inakuokolea kilo moja na robo ya mawe ya chokaa, pamoja na koki ya kuyaunguza.