Kwa nini kumaliza kulipa hakukufanyi mwenye kiwanja?

Ukinunua kiti, ukalipa na kukibeba, yamekwisha. Kiwanja hakibebeki. Aliyekuuzia leo anaweza kesho kumuuzia mwingine kilekile, na udongo hausemi ni wa nani. Ndiyo maana nchi nyingi hutenganisha mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya: mkataba wa mauziano na uhamisho wa umiliki.

Mkataba ni ahadi. Muuzaji akigeuka, unaweza kumshtaki. Umiliki una saa yake, na kila nchi ina yake. Ufaransa, kanuni ya msingi ya sheria ni kwamba nyumba huwa yako mkishapatana kitu na bei, hata kama hujalipa. Usajili ni wa kukukinga na watu wengine. Ujerumani ni kinyume kabisa. Jina lako lisipoingia kwenye daftari la ardhi, hata uwe umelipa yote na funguo unazo, nyumba bado ni ya muuzaji.

Zamani Uingereza, muuzaji alimkabidhi mnunuzi bonge la udongo au kijiti palepale shambani, mbele ya mashahidi. Mashahidi hufa, na wengine hununulika. Mwaka 1677 sheria ikadai maandishi yenye sahihi. Karatasi nazo zikaleta balaa lake: ili umwamini muuzaji, ilibidi ufukue hati za wote waliomtangulia, na moja ya kughushi katikati iliweza kuangusha zote zilizofuata. Robert Torrens, aliyewahi kuwa mkuu wa forodha wa koloni la Australia Kusini, akasukuma wazo lililopita kuwa sheria mwaka 1858: daftari liwe moja, la serikali, na aliyeandikwa humo, ilmradi hakuingia kwa ulaghai, ndiye mwenyewe.

Basi usiridhike na hati unayoonyeshwa sebuleni. Kapekue daftari lenyewe kabla ya kutoa hata arubuni. Humo ndimo hujitokeza rehani ya benki, zuio la mahakama, au wamiliki wawili huku anayeuza ni mmoja. Pekua tena kabla ya kumalizia malipo, kwani kati ya sahihi na usajili upo mwanya, na matapeli wanaujua. Afadhali pesa zikae kwa wakili hadi uhamisho usajiliwe.

Hata hivyo daftari halioni kila kitu. Mpangaji mwenye mkataba halali huenda hayumo, na huwezi kumtoa kwa sababu tu umenunua. Huyo utamjua kwa kwenda kupiga hodi.