Je, wajua kwa nini uvumi wa "panadol yenye virusi" hauishi?

Pengine umeshaupata kwenye kundi la familia au la kikoba. Unaonya watu wasimeze parasetamoli mpya yenye alama P/500, eti ni nyeupe mno, inang'aa, na ina virusi vya Machupo. Mwishoni unaombwa uusambaze uokoe maisha. Ulikuwa unazunguka tangu mwaka 2017, mamlaka za dawa za Singapore na Indonesia zikaukanusha, na bado unaibuka tena hapa Dodoma utadhani umeandikwa jana.

Kinachoubeba ni kwamba si wote wa kutungwa. Virusi vya Machupo vipo kweli. Huleta homa ya kutokwa damu huko Bolivia, Amerika Kusini, na wanasayansi walivipata mwaka 1963. Anayetafuta mtandaoni anavikuta, anaingiwa na hofu, anaamini na yaliyobaki. Kisha anachomoa kidonge kwenye pakiti, anakuta 500 imechorwa. Basi, kwisha habari!

Lakini 500 ni miligramu za dawa iliyomo. Weupe na mng'ao hutokana na dawa yenyewe, wanga na vijazio vingine, na jinsi kidonge kilivyoshindiliwa kiwandani. Machupo nayo hubebwa na aina ya panya wa porini wa huko huko, ikaenea kwa mkojo na kinyesi chake. Virusi huzaliana ndani ya seli hai tu. Kwenye kidonge kikavu vitazaliana wapi?

Tazama pia ambacho ujumbe hausemi: jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, ikiondoa dawa sokoni hutaja dawa ipi, ya nani, toleo gani. Bila hayo, hata muuzaji wa duka la dawa muhimu pale Majengo hajui ashushe boksi lipi kutoka rafuni. Kwangu hii ndiyo dalili ya kwanza ya kuitafuta, kuliko makosa ya herufi ambayo watu huyashikia bango. Siku hizi waongo nao wanaandika vizuri.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba parasetamoli ina hatari yake ya kweli, na hiyo haisambazwi. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ikizidi sana huharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa. Sasa, dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Mtu anameza ya mafua, kichwa kinaendelea kugonga, anaongeza panadol mbili bila kujua amerudia dawa ile ile. Geuza pakiti usome maandishi madogo, yasiposomeka, muulize muuzaji kabla hujalipa: "Samahani, hii nayo ina parasetamoli?"