Kabla ya Kutia Dawa Sikioni mwa Mbwa au Paka

Wanyama wengi wenye maradhi ya masikio hufika mezani pangu, mimi daktari wa wanyama, wakiwa tayari wametiwa matone ya aina mbili au tatu, mengine yakiwa mabaki ya dawa ya mwaka uliopita, mengine mafuta ya kupikia, na zaidi ya mara moja siki. Mwenye mbwa huniambia kwamba sikio lilipona kisha likaanza upya. Mara nyingi halikuwa limepona; lilitulia tu, kwa sababu kilichokuwa kikilisumbua hakikuguswa.

Njia ya sikio la mbwa na paka hushuka wima kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L, na kiwambo cha sikio, yaani utando mwembamba unaotenga njia hiyo na sehemu za ndani, kiko mwisho wa kona hiyo. Nta na unyevu vikishafika huko havipandi kwa urahisi, hasa kwa mbwa mwenye masikio marefu yaliyolala. Ndiyo maana nakataza vijiti vya pamba: kijiti hutoka kikiwa kimechafuka na mtu akaridhika, kumbe uchafu mwingi umeshindiliwa chini, mahali ambapo hakuna kitakachoufikia tena ila maji ya kusafishia.

Uchafu wenyewe hudokeza kilichomo. Paka, hasa mdogo, mwenye uchafu mkavu mweusi unaofanana na unga wa kahawa huenda ana utitiri, yaani vidudu vidogo sana vya sikio, uitwao Otodectes cynotis. Nta ya hudhurungi yenye harufu ya kuchacha hunifanya nifikirie fangasi wa Malassezia, na usaha wenye rangi ya kijani hunifanya niwahofie bakteria wa Pseudomonas, ambao ni sugu kwa dawa nyingi. Hata hivyo, macho na pua hudanganya, kwa hiyo huchukua uchafu kidogo, nikaupaka kwenye kioo, nikautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nami sioni udhuru wa kuiruka.

Fangasi na bakteria kwa kawaida si chanzo cha ugonjwa. Hustawi pale ngozi ya sikio inapokuwa imekwisha kuharibika. Kwa mbwa, kinachoiharibu mara nyingi ni mzio, na mbwa wa namna hiyo utamwona pia akilamba nyayo na kujikuna makwapani. Asipotibiwa mzio, masikio yatamrejesha kwangu kila baada ya miezi michache. Sikio moja linalouma ghafla ni jambo jingine. Niliwahi kuletewa mbwa aliyekuwa ametiwa matone kwa wiki nzima, kichwa akikitikisa bila kukoma. Nilipotazama kwa taa ya sikio niliona punje ya nyasi yenye miba imechomeka karibu na kiwambo. Niliitoa kwa koleo, na matone yale yote yalikuwa ya bure.

Kabla ya kumimina chochote ni lazima nijue kama kiwambo ni kizima. Kikiwa kimetoboka, dawa kama gentamisini (ya kuua bakteria) na klorheksidini (ya kusafishia vijidudu) huweza kupita hadi sikio la ndani na kuleta uziwi au kuyumba, na paka ndio wepesi zaidi wa kudhurika. Nisipoweza kukiona kwa sababu ya usaha, hutumia maji ya chumvi ya hospitali peke yake, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Kiwambo kikiwa salama, usafi wa nyumbani si mgumu. Vuta sikio juu kwa upole, jaza njia yake kwa maji maalumu ya kusafishia masikio yaliyopashwa joto la mwili, kisha kanda sehemu ya chini ya sikio kwa nusu dakika hivi hadi usikie mlio wa majimaji yakichezacheza ndani. Muache mnyama atikise kichwa, nawe ukae mbali kidogo kama unaipenda nguo yako, halafu pangusa kwa pamba pale tu kidole kinapofika. Usaha hudhoofisha baadhi ya dawa, kwa hiyo matone hutiwa baada ya sikio kusafishwa na kukauka kidogo. Ukiona mnyama ameinamisha kichwa upande mmoja, anayumba, au mboni zinachezacheza zenyewe, usimsafishe. Mlete siku hiyo hiyo.

Utitiri hutibiwa kwa wanyama wote wa nyumba moja, kwani huambukizana, na tiba huendelea kwa takribani wiki tatu ili kuwamaliza watakaoanguliwa baadaye. Paka asitiwe kamwe dawa ya mbwa yenye permethrini, sumu ya kuua wadudu, maana huweza kumuua. Kuhusu maambukizo mengine, nasimamisha dawa pale tu hadubini inapoonyesha sikio safi, hata kama mbwa aliacha kujikuna tangu siku ya nne.