Bayogesi ya majitaka na umeme wa Mombasa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wako wanaoamini kwamba majitaka ya Mombasa yakivundishwa, gesi yake itaangaza mji mzima. Hesabu haikubali. Uchafu wa mtu mmoja hutoa takriban lita 20 za bayogesi kwa siku, na mita moja ya ujazo ya gesi hiyo huzalisha kama kilowati-saa 2 za umeme. Kwa hiyo watu 100,000 watatoa kilowati-saa 4,000 hivi, yaani kilowati 170 tu zikitolewa usiku na mchana.

Lakini wanaoidharau kwa sababu ya uchache huo wanakosea zaidi, kwani wanadhani gesi lazima ichomwe pale pale inapotoka. Gesi huwekwa kwenye puto la mpira juu ya tangi. Ikikusanywa kutwa nzima na kuchomwa kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, wakati feni, taa na friji za Majengo hadi Likoni zinawaka kwa pamoja, kiasi kile kile huwa megawati 1 (kilowati 1,000) kwa saa nne. Gharama yake ni jenereta kubwa zaidi na hifadhi ya kutosha, na kwa maoni yangu ni gharama inayostahili kulipwa. Gesi hiyo isafishwe kwanza, maana salfidi ya hidrojeni iliyomo hula vyuma vya injini.

Husemwa pia kwamba mtambo wa kusafisha majitaka ukipunguza umeme unaoutumia wakati huo, uchafu utamwagika baharini. Si lazima. Vipulizia hewa vinavyowapa oksijeni bakteria wanaokula uchafu, ambavyo mara nyingi hutumia nusu ya umeme wa mtambo au zaidi, vinaweza kupunguzwa kasi kwa muda mfupi mradi oksijeni na amonia vipimwe mfululizo. Masika yakipamba moto na mifereji ikijaa, hilo lisijaribiwe.

Dhana ninayoisikia zaidi ni kwamba malori ya kunyonya vyoo yatajaza pengo la mabomba, kwa kuwa nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtambo wa Kipevu. Lakini tope lililokaa shimoni miaka limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya gesi yake humo humo. Takataka mbichi za soko la Kongowea zingefaa zaidi: mtambo wa majitaka wa Oakland, Marekani, huchanganya mabaki ya chakula na tope, na tangu 2012 huzalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia.