Wafanyakazi hawasomi bango, wanamsoma bosi

Kazi yangu ni mambo ya rasilimali watu, hapa Tabora nazunguka sana kwenye maghala, hoteli, wasindikaji wa asali, na karibu kila ofisi nakuta bango ukutani: UADILIFU, UWAJIBIKAJI, USHIRIKIANO. Sina shida na bango, ila watu hawajifunzi utu pale jamani, wanajifunza kwa kuangalia bosi anasifia nini na anafokea nini.

Chukua kijana wa kupokea asali. Wafugaji nyuki wanashuka na ndoo zao kutoka Sikonge, yeye anadondosha tone kwenye refraktomita, anaiinua kwenye mwanga, anasoma maji ni asilimia ngapi. Kiwango cha kimataifa kinataka isizidi 20, ikipita hapo asali inachacha kirahisi, unafungua ndoo unakuta povu na harufu ya pombe. Sasa kipimo kinasoma 23, mzigo wa Dar unasubiriwa, na bosi anapiga simu kila saa kuuliza tani imetimia? Hapo ndo maadili yenyewe yalipo. Akiikataa ile ndoo akafokewa eti anachelewesha kazi, kesho ataandika 19 na wala hatauliza mtu, na wenzake waliokuwa wanaangalia nao wameshaelewa. Baadaye mizani inaanza kuchezewa, mfugaji anapunjwa kilo zake, na hilo linaniuma sana maana yule mtu katoka nayo mbali porini.

Heshima nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akimwachisha mtu kazi awe na sababu ya msingi na afuate utaratibu wa haki, mtu asikilizwe kwanza. Waajiri wengi wanaona ni makaratasi tu ya kujikinga na CMA, ile tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Mi nimekaa kwenye vikao mtu katuhumiwa wizi, kila mtu keshamhukumu, akipewa nafasi aongee ndo inajulikana funguo za stoo wanazo watu wanne! Na pale ambapo watu hawasikilizwi wanaficha kila kitu, ndoo ikimwagika hakuna aliyemwaga.

Kama una biashara na unataka kuanza mahali, anza na huyo kijana wa kipimo, mpe kwa maandishi mamlaka ya kukataa mzigo, na siku akikataa ndoo ya shemeji yako, simama naye.