Mipaka ya masomo huchorwa na nani?

Kikao cha kwanza cha mtaala nilichoalikwa kilimaliza siku nzima na nusu kikibishana kuhusu lishe. Watu wa sayansi walisema ni yao, kwani vitamini na protini ni habari za kemia ya mwili. Watu wa kilimo wakajibu kwamba chakula huanzia shambani. Wa afya nao walikuwa na hoja zao, tena nzito. Mama mmoja wa sayansikimu, aliyekaa kimya tangu asubuhi, akauliza swali moja tu: "Na atakayewafundisha kupika ni nani?" Nilikuwa mgeni katika kazi hiyo, nikaona tunapoteza muda. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba ugomvi ule ndiyo kazi yenyewe.

Mzazi akifungua ripoti ya mwanawe hukuta orodha: hisabati, lugha, sayansi, sanaa. Huisoma kama anavyosoma majina ya milima, vitu vilivyokuwepo kabla yetu. Lakini vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati vilifundisha sanaa saba: sarufi, mantiki na balagha upande mmoja, kisha hesabu, jiometri, falaki na muziki upande wa pili. Naam, muziki ulikaa na hesabu. Ukiugawa uzi wa ala nusu kwa nusu, sauti hupanda oktavu moja, yaani noti ileile ila ya juu zaidi. Ukiubana ubaki theluthi mbili, unapata sauti nyingine inayopatana na ya kwanza. Kwa wasomi wale, muziki ulikuwa elimu ya uwiano iliyosikika masikioni. Leo tumeuhamishia kwa uchoraji na maigizo, na mtoto anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba aliwahi kuziimba sehemu za hesabu, nusu na theluthi.

Tunapoandika mtaala siku hizi, tunaanza na vyumba vikubwa tunavyoviita maeneo ya ujifunzaji. Eneo ni pana kuliko somo. Mtaala wa Australia una maeneo manane, na eneo la sanaa pekee lina masomo matano ndani yake: dansi, maigizo, sanaa za habari, muziki na sanaa za kuonekana. Teknolojia lina mawili. Hisabati, kwa upande wake, ni eneo na somo kwa wakati mmoja. Mtaala wa New Zealand wa 2007 nao ulikuwa na maeneo manane, ingawa ndani hayakukatwa sawasawa na yale ya Australia. Afrika Kusini pia ilichagua manane ilipotangaza mtaala wake mpya mwaka 1997, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Huko neno "eneo" lilibeba ujumbe wa kisiasa: kuta za elimu ya zamani zivunjwe. Mapitio yalifuatana, na mtaala ulioanza kutumika 2012 ukarudi kuyaita masomo, kama zamani. Wenzangu wengine huona kurudi huko kama kushindwa. Mimi naona ni kukiri kwamba kubadili jina la chumba hakumwongezei mwalimu ujuzi wa kilichomo ndani.

Chini ya eneo au somo huja ngazi nyingine, na kila nchi ina majina yake. Kwenye mihutasari ya Tanzania utakuta jedwali lenye umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji, na safu ya mwisho kabisa, idadi ya vipindi. Wengi hulisoma kutoka kushoto. Mimi huanzia kulia. Maneno ya kushoto huweza kuahidi lolote: mwanafunzi mbunifu, mchambuzi, mzalendo. Ile tarakimu ya kulia haijui kusema uongo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua wiki ya vipindi 40. Lugha mbili na hisabati zipewe vipindi vitano kila moja. Hapo 15 vimekwisha, vimebaki 25. Mtaala ukiwa na maeneo 14, yale 11 yaliyosalia yanagawana vipindi viwili na kidogo kila moja. Ukiwa na maeneo tisa, sita yaliyosalia yanapata vinne na kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama jaribio la sayansi litamalizika au kengele italia maji hayajachemka. Ndiyo maana kila kikundi kinachodai "somo letu lisimame peke yake" namwuliza kwanza: tumnyang'anye nani? Mara nyingi kimya kinatanda.

Kenya ilipita njia hiyo karibuni. Sekondari msingi, darasa la 7 hadi la 9, ilianza na maeneo yaliyofika 14 ukihesabu ya hiari, na baada ya ripoti ya jopokazi la rais ya 2023 yakapunguzwa hadi tisa. Sayansikimu iliungana na kilimo. Sanaa za kuonekana, sanaa za maonyesho na michezo zikawa eneo moja. Kipindi hichohicho Tanzania ilikuwa inatenganisha: Maarifa ya Jamii, lililokuwa limebeba historia na jiografia kwenye shule za msingi, halimo katika mtaala wa 2023, mahali pake pamekaa Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Majirani wawili, karibu mwaka mmoja, huyu anaunganisha na yule anatenganisha. Nani amekosea? Sidhani kuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake: mmoja muda, mwingine utambulisho.

Kuunganisha kuna gharama yake, nayo humwangukia mwalimu. Karatasi haina tabu; andika "Sanaa na Michezo" na kazi imekwisha. Darasani yupo mtu aliyesomea kuchora, hajawahi kufundisha mpira wala noti za muziki. Atafanya nini? Atafundisha kuchora. Nimekagua madaftari ya eneo la namna hiyo, nikakuta muhula mzima ni penseli na rangi. Sikumlaumu yule mwalimu. Afrika Kusini ilijaribu kulitatua hili kwa kuruhusu shule, katika darasa la 7 hadi la 9, zichague aina mbili za sanaa kati ya nne, kwa kuangalia walimu walionao. Si suluhisho zuri sana, lakini ni la kweli.

Basil Bernstein, mwanasosholojia wa Uingereza, alishauri tangu miaka ya 1970 kwamba tupime unene wa kuta kati ya masomo badala ya kuhangaika na kilichomo tu. Ukuta mnene humpa mwalimu heshima na jina: mimi ni mwalimu wa fizikia. Ukuta mwembamba unamtaka azungumze na jirani yake, na mazungumzo yanahitaji saa ambayo ratiba haikuitenga.

Halafu kuna vile visivyokaa chumba chochote. Stadi mtambuka: fikra tunduizi, ushirikiano, ujuzi wa kidijitali. Kenya ina umilisi wa msingi saba, Australia ina uwezo wa jumla saba, Finland nayo ilitaja saba katika mtaala wake ulioanza 2016. (Hizi saba zinazojirudia hunichekesha, huenda kila kamati huchoka ikifika hapo.) Tatizo lake ni la mali ya wote: haina mwenyewe. Stadi ikiwa ya kila somo, haina kipindi, haina mtihani, na hakuna atakayeulizwa isipofundishwa. Wafini waliifunga kamba mahali fulani: kila mwaka mwanafunzi apate walau moduli moja inayochanganya masomo. Magazeti ya nje yaliandika 2015 kwamba Finland inafuta masomo. Haikufuta. Hisabati ilibaki hisabati, na mchanganyiko ukapewa muda wake.

Ila kama ningepewa kurekebisha kitu kimoja tu katika mtaala wowote, nisingegusa majina ya maeneo. Ningekagua mfuatano kati yao. Kila jopo huandika kwa kujifungia, na matokeo yake ni kwamba jiografia inamtaka mtoto atumie skeli ya ramani wakati hisabati haijafika kwenye uwiano. Sayansi inampa kipimajoto kinachoshuka chini ya sifuri naye hajawahi kukutana na namba hasi. Mwalimu wa jiografia anafundisha uwiano haraka haraka kwa njia yake, wa hisabati anakuja miezi mitano baadaye na njia nyingine, na mtoto anaamini ni vitu viwili. Dawa yake ni ya kizamani: tunabandika karatasi za maeneo yote ukutani, kila mwezi na safu yake, tunapita na kalamu nyekundu tukiuliza, "Hiki anakihitaji lini kwa mara ya kwanza, na nani anampa?" Siku mbili za kusimama. Miguu inauma, na wakubwa hawapendi kuilipia kazi hiyo kwa sababu haitoi waraka mpya wa kuzindua.

Lishe, mwishowe, tuliipa kilimo, vipindi sita kwa mwaka. Mwaka uliofuata niliirudia orodha ya vifaa tuliyokuwa tumeipitisha siku ile. Kulikuwa na majembe, ndoo za kumwagilia, chati ya makundi ya vyakula. Jiko halikuwemo.