Gemu za simu kwenye laptopu nyepesi: yanayosemwa na yalivyo kweli

Hoja yenyewe inaonekana haina doa. Simu ya kawaida inaiendesha gemu fulani bila kukwama. Laptopu ni kubwa kuliko simu. Basi laptopu itaiendesha vizuri zaidi. Mtu anaisakinisha, inaganda kabla hata ya kuanza, feni inapiga kelele, na lawama zinagawiwa: laptopu mbovu, intaneti mbovu, programu mbovu.

Kosa liko kwenye hoja. Ukicheza gemu ya Android kwenye laptopu ya Windows, kwa kawaida laptopu haiendeshi gemu peke yake. Inaendesha simu nzima ya kuigiza, yenye Android yake, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) yake na diski yake, na gemu inachezwa ndani ya simu hiyo, huku Windows nayo ikidai haki yake. Dhana nyingi zinazosambaa zinatokana na kuisahau hiyo simu ya katikati.

"Laptopu ina nguvu kuliko simu"

Programu inayoiunda simu hiyo huitwa emuleta. BlueStacks, LDPlayer, NoxPlayer, MEmu na GameLoop ndizo zinazotajwa sana. Kazi yake si ndogo, kwa sababu prosesa za simu karibu zote ni za familia ya ARM, ilhali laptopu nyingi za Windows zina prosesa za Intel au AMD za familia ya x86, na amri za familia moja hazieleweki kwa nyingine. Android yenyewe ina toleo la x86, kwa hiyo mfumo mzima hauhitaji kutafsiriwa. Tatizo ni gemu kubwa. Zile zilizotengenezwa kwa Unity au Unreal, injini za kuundia gemu, hubeba msimbo ulioandaliwa tayari kwa ARM, na kama waundaji hawakutoa toleo la x86, kila amri hupitia kwa mkalimani papo hapo mchezo ukiendelea. Hata mkalimani awe hodari vipi, mazungumzo huchukua muda zaidi.

Michoro nayo ina safari yake. Gemu inaomba kuchorewa kwa OpenGL ES au Vulkan ya Android, yaani lugha za kuagizia michoro. Emuleta inaligeuza ombi hilo liwe la lugha za Windows: DirectX, OpenGL au Vulkan, ndipo chipu ya grafiki ishike kazi. Hii ndiyo sababu gemu ya kupanga vigae inateleza kama maji na gemu ya vita ya 3D inakwamakwama kwenye laptopu ileile, wakati simu yako inazicheza zote mbili bila kutoa jasho.

Halafu uzito hausemi kitu. Laptopu mbili za kilo moja na kidogo zinaweza kuwa na tofauti kubwa mno ndani. Intel N100 imepangiwa wati 6. Core i5-1235U imepangiwa wati 15 na inaruhusiwa kuruka hadi 55 kwa muda mfupi. Zote zinauzwa kama "nyepesi na za kisasa". Kwa hiyo anayekuambia kwamba laptopu nyepesi hazifai gemu, na anayekuambia kwamba zinafaa, wote wawili hawajakuambia lolote mpaka wataje prosesa.

"Bila kadi ya grafiki ya peke yake, usijisumbue"

Hili linavunja watu moyo bure. Google ilipokuwa ikiijaribu Google Play Games ya kompyuta, programu yake ya kuchezea gemu za Android kwenye Windows, mwaka 2022, ilishusha kiwango cha chini hadi grafiki ya Intel UHD 630, ambayo ni grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, pamoja na RAM ya GB 8, prosesa yenye viini 4 (sehemu zake zinazofanya kazi sambamba) na diski ya kasi ya aina ya SSD. Hakuna kadi ya ziada hapo.

Kinachosahaulika ni kwamba grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakula RAM ileile inayoliwa na Windows na emuleta, na inategemea kasi ya RAM hiyo. Laptopu yenye kijiti kimoja cha RAM inapitisha data kwenye mkondo mmoja; ikiwekwa viwili vinavyolingana, upana wa njia unakuwa maradufu, na grafiki ya ndani ndiyo inayofaidika kuliko sehemu nyingine yoyote. Kabla ya kufikiria laptopu mpya, angalia kama yako ina nafasi ya kijiti cha pili. Nyingi nyembamba, kwa bahati mbaya, RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki.

Aliyefungiwa njia hiyo bado ana silaha moja ya bure: ukubwa wa picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600. Ukiishusha emuleta hadi 1280 kwa 720 vinabaki 921,600, yaani kazi ya kuchora inapungua kwa zaidi ya nusu kila fremu (kila picha inayoonyeshwa). Kwenye kioo cha inchi 13 utaona herufi zimefifia kidogo, na baada ya dakika chache utakuwa umesahau. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya kwanza kwa kila mwenye laptopu nyepesi, na ajabu ni kwamba wengi huifikia mwisho, baada ya kufuta na kusakinisha upya kila kitu.

"Ipe emuleta RAM yote"

Fanya hesabu. Laptopu ina GB 8. Windows na vijiprogramu vyake vya nyuma vinaweza kukalia karibu GB 3. Grafiki ya ndani inachukua fungu lake. Kivinjari chenye kurasa kadhaa wazi kinamaliza GB 1 nyingine, pengine zaidi. Sasa ukiingia kwenye mipangilio ya emuleta na kuiandikia GB 6, umeahidi kitu ambacho hakipo. Windows italazimika kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na hata SSD nzuri ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM. Matokeo yake ni kule kuganda kwa sekunde moja au mbili kunakotokea wakati mbaya kabisa, adui akiwa mbele yako.

Kwenye laptopu ya GB 8, GB 3 au 4 kwa emuleta na kivinjari kikiwa kimefungwa hutoa mchezo laini kuliko GB 6. Viini vya prosesa ni vivyo hivyo: ukivitoa vyote, Windows yenyewe inabaki bila pa kufanyia kazi, na mibonyezo yako ya kibodi inafika kwa kuchelewa. BlueStacks 5 inatangaza GB 4 za RAM kuwa kiwango cha chini. Ni kweli itawaka. Kuwaka na kuchezeka ni mambo mawili.

"Kila kitu kinakwama, basi laptopu yangu haiwezi"

Kabla ya kukubali hivyo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda kwenye Performance, chagua CPU, kisha tazama chini ya grafu, kwenye maandishi madogo. Kuna mstari ulioandikwa Virtualization. Kama mbele yake pameandikwa Disabled, umepata mchawi wako.

Virtualaizesheni ni uwezo wa prosesa wa kuibeba mashine pepe, kama ile simu ya kuigiza, moja kwa moja badala ya kuigiza kila hatua kwa programu. Intel iliuingiza kwenye prosesa zake mwaka 2005 na AMD ikafuata 2006, kwa hiyo laptopu yako karibu hakika inao. Ila laptopu kadhaa huuzwa ukiwa umezimwa. Huwashwa ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya laptopu inayofunguliwa kabla ya Windows: zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza F2, Del au kitufe kingine kulingana na mtengenezaji, tafuta Intel Virtualization Technology au, kwa AMD, SVM Mode, iweke Enabled, hifadhi, toka. Tofauti yake haihitaji kipimo. Utaiona kwa macho.

Angalizo moja. Baadhi ya emuleta hugombana na Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, na maelekezo mengi ya haraka hukwambia uzime pia ulinzi wa kumbukumbu wa Windows 11 ili mambo yaende. Usikimbilie huko. Tafuta kwanza toleo la emuleta linalokubaliana na Hyper-V, maana ulinzi huo ndio unaozuia programu hasidi kuchimba hadi kwenye moyo wa mfumo.

Ndogondogo zinazorudiwa kila mahali

Programu za "kuongeza kasi ya gemu" haziongezi nguvu ambayo prosesa haina. Kinachofaa ndani yake ni kufunga programu nyingine, na hilo unaweza kulifanya kwa mkono bila kuongeza programu moja zaidi inayokula RAM.

Kuweka fremu 120 kwa sekunde kwenye skrini ya hezi 60, inayobadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, ni kuichosha laptopu kwa kuchora picha ambazo kioo hakiwezi kuzionyesha. Kwa laptopu nyepesi, fremu 30 zisizoyumba zinachezeka vizuri kuliko 60 zinazopanda na kushuka.

Emuleta haipunguzi ucheleweshaji wa mtandao. Huo unategemea umbali wako na seva na hali ya muunganisho wako. Waya ukiwepo, tumia waya.

Ukifuta gemu, nafasi kwenye diski hairudi yenyewe kila mara. Diski ya simu ya kuigiza ni faili moja kubwa linalokua, na si rahisi lipungue. Emuleta nyingi zina kitufe cha kulisafisha. Kwa mwenye diski ya GB 64 kitufe hicho ni cha kukijua.

"Gemu zitaunguza laptopu"

Kuungua, hapana. Prosesa ina kikomo chake cha joto, kwa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100, na ikikaribia inajipunguza kasi yenyewe. Ndiyo maana dakika kumi za kwanza huwa tamu na baadaye fremu zinashuka: laptopu nyembamba imeishiwa mahali pa kutolea joto. Zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air tangu ile ya chipu ya M1 ya Apple, hutegemea bati lake kupoa. Weka laptopu juu ya meza ngumu, si juu ya kitanda ambako shuka linaziba matundu ya chini.

Anayeumia kweli ni betri. Joto la muda mrefu huizeesha. Na usitarajie miujiza ukiwa mbali na chaja: betri ya wati-saa (Wh) 50 ikinyonywa wati 25 inamalizika kwa saa mbili, tena laptopu nyingi hupunguza nguvu ya prosesa mara tu unapochomoa waya.

"Ukitumia emuleta utafungiwa akaunti"

Inategemea gemu, na jibu liko kwenye masharti yake. Kwa PUBG Mobile, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, kampuni yake ya Tencent yenyewe ndiyo iliyotoa emuleta ya GameLoop. Mchezo ukitambua emuleta, unakupanga na wenzako wa emuleta, kwa sababu kipanya kinalenga haraka kuliko kidole gumba kwenye kioo. Naona ni haki tupu. Wanaoumia ni wale wanaojaribu kuificha emuleta ili wapangwe na watu wa simu, au wanaotumia APK (faili za kusakinishia programu za Android) zilizochezewa.

Hizo APK zinastahili neno la ziada. Katika gemu ya mtandaoni, hesabu ya sarafu zako iko kwenye seva ya kampuni, haiko kwenye kifaa chako. Faili linaloahidi sarafu zisizoisha haliwezi kuzitoa. Linachoweza ni kuchukua nywila unayoiandika ndani yake. Na ile hofu kwamba emuleta zote ni virusi mara nyingi chanzo chake ni tovuti za kuiga zinazogawa visakinishi vilivyotiwa uchafu. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, basi.

"Emuleta ndiyo njia pekee"

Mara nyingi ndiyo njia nzito kuliko zote. Among Us ilitoka kwenye simu mwaka 2018, na mwaka huohuo ikawa na toleo lake la Windows kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, jepesi kuliko emuleta yoyote. Genshin Impact ina toleo la kompyuta tangu siku ilipotoka, Septemba 2020, ingawa hilo linadai zaidi ya GB 100 za diski, kwa hiyo toleo la kompyuta si lazima liwe rahisi. Wenye Mac za M1 na kuendelea wanaweza kusakinisha baadhi ya gemu za iPhone na iPad moja kwa moja kutoka App Store, pale ambapo msanidi hajazuia. Maelekezo ya kuweka Android ndani ya Windows 11 kwa mfumo wa Microsoft wenyewe yapite tu: Microsoft iliacha kuuhudumia Machi 2025.

Zipo gemu ambazo laptopu haiziwezi kwa namna yoyote ya maana. Pokémon GO inakutaka utembee na GPS mfukoni. Kuidanganya mahali ulipo ni kuvunja masharti yake.

Na kama simu yako tayari inaicheza gemu vizuri na unachotaka ni kioo kikubwa tu, iache simu ifanye kazi. Scrcpy ni programu ya bure, ya msimbo huria, iliyotoka 2018. Unawasha USB debugging (ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa kebo) kwenye simu ya Android, unaichomeka kwa kebo, na kioo cha simu kinaonekana kwenye dirisha la kompyuta, ukikiendesha kwa kipanya na kibodi. Hata laptopu ya GB 4 iliyoshindwa na emuleta kwa kawaida huimudu kazi hiyo, kwa sababu inachopokea ni video tu.